Tindikali ya Wageni

Vijana wa idara ya kemia wameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi, kwa kuwa nimestaafu na eti sina la kufanya. La kufanya ninalo. Nina kuku, nina migomba, nina wajukuu wasiojua kufunga mlango. Lakini nimekubali kwa sababu moja. Juzi nilipita pale shuleni kuchukua viatu vyangu nilivyovisahau chini ya meza, nikamkuta mwalimu kijana akiwaonyesha wanafunzi, kwenye simu yake, mtu wa nchi nyingine akichanganya alkoholi na tindikali. Darasa zima limenyoosha shingo kutazama kioo cha upana wa kiganja. Nyuma yao, kabatini, kila kitu cha kufanyia jaribio lile kilikuwapo. Nikamuuliza kwa nini havitumii. Akanijibu kwa heshima zote, "Tunavitunza, Mwalimu."

Basi someni, ninyi mnaotunza.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Nilipandishwa, nikashushwa, nikapandishwa tena na mtu yuleyule aliyenishusha, na nyakati zote hizo nilifundisha vilevile.

Niliteremka Tanga mjini kutoka milima ya Usambara nikiwa nimevaa sweta, jambo lililowapa wanafunzi wa kidato cha tano furaha ambayo somo langu halikuwapa. Nilikabidhiwa kwa Mwalimu Mhina, Mbondei wa upande wa Muheza, mkavu kama ukuni, aliyekuwa amefundisha kemia tangu wengi wetu tukinyonya. Hakuniuliza cheti. Alinipa chupa ya kioo na kitambaa akaniambia niisafishe, kisha akaishika juu ya mwanga wa dirisha, akaona alama ya kidole changu, akanirudishia. Asubuhi yote ikaisha hivyo. Mchana akanipa kanuni yake moja ya ualimu, na sijapata nyingine bora kuliko hiyo katika semina zote nilizosinzia baadaye. Alisema, "Mwanangu, usimwambie mtoto jambo ambalo chupa inaweza kumwambia."

Jaribio la kwanza alilonionyesha ni hilohilo la kwenye simu. Unachukua alkoholi, unaitia tindikali kali ya salfa kidogo kidogo huku chupa umeiweka kwenye maji baridi, kisha unapasha moto mpaka kipimajoto kipite mbali mahali maji yanapochemkia. Gesi inatoka. Unaipitisha kwenye maji ya kostiki, ileile ya wapika sabuni, ili ioshwe moshi wa tindikali usije ukakudanganya. Kisha unaiingiza kwenye maji ya bromini, ambayo yana rangi ya chai kavu iliyotiwa ndimu. Rangi inapotea mbele ya macho ya watoto. Hapo hata yule wa nyuma anayechora mipira kwenye daftari huinua kichwa.

Maelezo yake kwa Kiingereza yapo vitabuni na wanafunzi huyakariri kama dua wasiyojua maana yake. Mimi niliwaeleza kwa Kiswahili, na nilikaripiwa kwa hilo, nikaendelea. Niliwaambia: ndani ya kila chembe ya alkoholi mna vipande ambavyo vikiunganishwa vinakuwa maji. Tindikali kali ina kiu. Ikisaidiwa na moto, inavitoa vipande vile, inavifanya maji, na alkoholi iliyonyang'anywa maji inabaki gesi. Moto ukipungua unapata etha badala ya gesi, na darasa linasinzia kwa harufu yake. Moto ukizidi, mchanganyiko unaungua na kuwa mweusi kama masizi ya sufuria. Na tindikali yenyewe ikiwa imeshakunywa maji kwingine, hupati kitu. Ni sawa na kumkaribisha wali mtu aliyetoka kula harusini. Likumbukeni hilo la mwisho, maana ndilo kisa chenyewe.

Mtu wa tatu katika maabara ile alikuwa Mzee Bakari, mhudumu wetu, mzaliwa wa Tongoni. Kazi yake ilikuwa kuosha, kupanga na kupima, na pia kutugombeza. Mwalimu aliyeacha neli chafu aliipata kesho yake juu ya kiti chake cha ofisini. Alikuwa na koti la kijivu la kazini lenye viraka ambavyo mkewe alivishona kwa uzi wa rangi ileile, ukitazama haraka huvioni. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba kisha akaniambia nilichoharibu jana.

Mwalimu Mhina akastaafu, na kama vile alikuwa ameshikilia dari, kila kitu kikaanguka. Ndiyo miaka ile ya uhaba. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na chaki tulizigawana kwa kuzivunja. Dawa za maabara hazikuja tena. Tukaanza kufundisha majaribio kwa mdomo. Nasimama mbele ya meza tupu, naigiza kwa mikono kama bubu sokoni: hapa kuna chupa, hapa kuna moto, sasa povu linatokea. Mtoto anaandika "povu lilitokea" ilhali hajaona povu mwaka mzima, hata la sabuni. Na mtihani wakifaulu! Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Walifaulu vizuri kabisa, wakaenda kuwa madaktari na wahandisi, na mmoja wao ndiye mhandisi aliyeupitisha kwa saini yake ule ukuta wa soko uliopasuka.

Katika ukata huo tukaletewa Mkuu mpya wa shule. Jina lake litanichafulia karatasi, nitamwita Mkuu. Alisomea historia, na si kosa, wapo watu wema waliosomea historia. Huyu alipenda makabati. Wiki yake ya kwanza alizunguka maabara mikono nyuma, akaona tumebakiwa na chupa moja kubwa ya tindikali kali ya salfa, haijafunguliwa, na akaamuru iwekwe kwenye kabati la vioo karibu na mlango, ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Hii ni ya wageni," alisema.

Nilidhani anatania. Wenyeji wa pwani mnajua, kila nyumba ina kabati la vyombo visivyotumika: sahani za maua, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, birika lililotoka Mombasa kwa kupitia mpaka wa Horohoro. Watoto wanakula kwenye bati, na sahani zinasubiri mgeni ambaye akija anasema ameshiba. Sina ugomvi na desturi hiyo. Sahani haiharibiki kwa kusubiri. Lakini Mkuu aliichukua akili ya kabati la sebuleni akaileta maabara. Kila akija afisa, kabati linafunguliwa, chupa inafutwa vumbi, afisa anaambiwa, "Shule yetu bado ina akiba." Afisa anaandika kwamba shule ina akiba. Kidato cha sita wanaendelea kutazama mikono yangu.

Siku moja, katika kuifungua ili aitazame afisa aliyependa kunusa vitu, kizibo cha kioo kilimponyoka Mkuu kikavunjika. Nilimwambia tutafute kizibo kingine, au tuihamishe, maana tindikali ile haikai wazi katika hewa ya Tanga, hewa ambayo chumvi ikiwekwa mezani jioni inakuwa uji. Mkuu akaenda ofisini kwake akarudi na kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, akakifunika juu ya mdomo wa chupa. Kilikuwa na picha ya waridi.

"Umeona?" akasema. "Hata imependeza."

"Mkuu, kikombe hakizuii hewa."

"Mwalimu Naomi, mimi sikufundishi kemia. Na wewe usinifundishe utawala."

Miaka ikapita na kikombe chake. Sasa sikilizeni jambo ambalo nisingeamini kama nisingelikuwapo. Kadiri miaka ilivyokwenda, tindikali ndani ya chupa ikaongezeka. Ilikuwa imeishia begani mwa chupa, ikapanda taratibu kuelekea shingoni. Ilikuwa inakunywa unyevu wa hewa, kama nilivyosema itafanya. Mkuu naye aliona. Akaliona ni sifa yake. Nilimsikia kwa masikio haya akimwambia mwenyekiti wa bodi, "Kwa wenzetu vitu vinapungua. Kwetu, tazama mwenyewe, vinaongezeka. Huo ndio usimamizi." Na mwenyekiti wa bodi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa vitu ghafla kama mtu aliyekuwa ameficha, na kwa kweli wengine walikuwa wameficha. Mitumba, redio, mafuta ya kupikia ya kila rangi. Na pamoja na ruksa akaja mkaguzi wa aina mpya, mwanamume mwembamba aliyevaa kandambili kwa sababu ya jeraha la mguu, ambaye alipoonyeshwa chupa aliuliza swali ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuliuliza.

"Inatumika lini?"

Mkuu akacheka. Mkaguzi hakucheka. Akasema atarudi Ijumaa ya wiki inayofuata kutazama somo, somo lenye moto na chupa, na kidato cha sita wakiwapo.

Tindikali tulikuwa nayo, au tulidhani. Maji ya bromini yalikuwapo, kichupa ambacho hakikuibwa wakati wote ule kwa sababu kinanuka vibaya kuliko mwizi yeyote anavyoweza kuvumilia. Alkoholi ndiyo hatukuwa nayo. Nikanunua tembo la mnazi nikalikeneka maabara mwenyewe, mvuke kwenye neli, mara kadhaa, kama wafanyavyo wapika gongo ila mimi nilikuwa na kipimajoto na ruhusa ya mdomo ya Mkuu, aliyeniambia niifanye na nisimwambie. Mzee Bakari, mtu wa swala tano, hakugusa hata chombo. Alisimama mlangoni amejifunika pua kwa ncha ya kikoi akinielekeza neli ipi imelegea. Lakini ndiye aliyeniletea chokaa mbichi kutoka kwao Tongoni, ya matumbawe, imetoka tanurini siku ileile, na kwa chokaa ile nikaiondolea alkoholi maji yaliyobaki.

"Mwalimu," aliniambia, "nakusaidia elimu. Haya mengine utajibu wewe kwa Mola wako."

Ijumaa ikafika. Mkuu akafungua kabati mbele ya mkaguzi, akaondoa kikombe chenye waridi kama anayemvua bwana harusi kofia. Nikaishika chupa na kumimina. Tindikali kali hutoka nzito, inavutika kama mafuta ya ufuta. Hii ilitoka kama maji ya mtungini. Nilijua hapohapo.

"Mkuu, hii imelegea. Imekunywa maji."

"Endelea, Mwalimu," akasema akitabasamu upande wa mkaguzi.

Nikaendelea. Nikaipasha moto. Kipimajoto kikapanda kidogo kikagoma. Alkoholi yangu, niliyoihangaikia vile, ikachemka tu na kupita kwenye neli kama ilivyoingia, haikunyang'anywa kitu, na maji ya bromini yakabaki na rangi yake ya chai. Kilichobadilika ni hewa. Chumba kizima kikanuka kilabu cha pombe, siku ya Ijumaa, dirisha likiwa upande wa msikiti. Mkaguzi akainama akanusa.

"Hii ni pombe," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu, "na ingekuwa gesi kama tindikali isingekuwa imeshiba."

Mkaguzi akamgeukia Mkuu, akauliza chupa ilikuwa chini ya nani. Hapo ndipo nilipomwona Mkuu akifikiri, na si jambo nililolizoea. Alitazama kikombe chake. Alitazama chupa iliyojaa mpaka shingoni. Kisha akamtazama Mzee Bakari aliyekuwa akikusanya neli.

Jumatatu paredini alisimama mbele ya shule nzima akatangaza kwamba tindikali ya serikali imeibwa na kujazwa maji. Ushahidi wake? Kuongezeka. Kuongezeka kulekule alikokuwa akijivunia kwa bodi. Sasa kulikuwa ni mkono wa mhujumu, aliyeuza tindikali kwa wachaji betri wa mjini kisha akazidisha maji bila kipimo. Akataja jina. Mzee Bakari alikuwa amesimama nyuma pamoja na wafanyakazi, ameshika fagio. Akaambiwa aliweke chini na aende nyumbani.

Niliuliza, mbele ya walimu wenzangu, mtu angepitaje kwenye kabati ambalo ufunguo anao Mkuu peke yake. Walimu wenzangu wakatazama viatu vyao. Walikuwa wengi, na viatu vilikuwa vibovu, labda palikuwa na mengi ya kutazama.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa Mzee Bakari. Nilimkuta barazani, kanzu safi, amekaa wima kama anayesubiri kupigwa picha. Mkewe aliniletea maji akarudi ndani.

"Kazi, Mwalimu, wachukue," aliniambia. "Nimeosha chupa zao vya kutosha. Lakini Mwanaidi ameposwa. Watu wenyewe wako Pangani, watu wa dini, wenye minazi yao na heshima yao. Wakisikia baba yake ni mwizi wa tindikali, nitawaambia nini? Mwizi wa ng'ombe angalau watu wanamwelewa."

Mwanaidi alikuwa bintiye wa pekee. Nilimfundisha kidato cha nne. Alikuwa dhaifu katika hesabu na hodari katika kila jambo linalohitaji subira, na kijana wa Pangani alikuwa amempenda kwa hiari yake, si kwa kuambiwa.

Nikaenda kwa Bwana Gulamali, muuza vipuri na betri, Mhindi wa jumuiya ya Waislamu wa barabara ile ya maduka ya nguo. Aliagiza tindikali kali kwa madumu na kuizimua mwenyewe kwa ajili ya betri. Nilimweleza nataka kidogo isiyozimuliwa.

"Mwalimu, kwani mumeo amekuudhi?" akauliza.

Nilipomweleza kisa alisikitika kweli, akanijazia chupa ya dawa. Niliijaribu palepale kwenye sukari aliyokuwa akitilia chai, sukari ikavimba na kuwa mkaa mweusi. Akamwomba Mungu radhi akaitupa chai yote, kisha akafunga kizibo cha chupa kwa nta.

Mkaguzi wa kandambili alikuwa bado mjini. Nilimpelekea mizani ya maabara, sahani ya kioo na tindikali ya Gulamali. Upande mmoja sahani yenye tindikali, upande wa pili mchanga, mpaka mikono ya mizani ikalala sawa. Tukaacha. Tulipomaliza kunywa chai, upande wa tindikali ulikuwa umeshuka, na hakuna aliyeugusa. Mtu yule alitazama kwa muda, akasema, "Alifunika kwa kikombe?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Kikombe?"

Mzee Bakari akarudishwa kazini. Mngetegemea kisa kiishie hapo, na kingeishia hapo kama Mkuu angekuwa na haya kiasi cha punje ya mtama. Aliagizwa atangaze paredini kama alivyotuhumu paredini. Akatangaza. Akasimama, akavuta uso, akasema kwa sauti ya mtu anayelazimishwa kusoma upuuzi: "Tumeelekezwa tuwafahamishe kwamba hakukuwa na mwizi. Tindikali... ilikunywa maji. Yenyewe."

Shule ikaangua kicheko. Ningewalaumu vipi? Hawakuwahi kuona. Tuliwafundisha kwa mdomo, na maneno ya mdomo yakisemwa na mtu anayekonyeza jicho hugeuka mzaha. Kabla ya wiki kwisha usemi ulikuwa umefika mtaa wa Ngamiani na sokoni. Karani akipoteza saruji, watu wanasema, "Imekunywa maji yenyewe." Dereva akipunguza dizeli, "Imekunywa maji." Watu wa Tanga kwa kutania hawajambo, na utani wao mara hii ulikwenda kumlalia mtu asiye na hatia. Zamani wachache walidhani Bakari ni mwizi. Sasa mji mzima ulimjua kuwa ni mwizi mwenye wakubwa wa kumlinda. Nilikasirika kiasi cha kushindwa kula, na mimi si mtu wa kushindwa kula.

Pangani wakasikia. Wakaleta ujumbe kwamba mjomba wa kijana, Mzee Athumani, atakuja na watu wawili "kuzungumza". Mnajua maana yake. Watu wa huko hawavunji posa kwa kelele. Wanakuja na halua, wanauliza hali za wazee, wanakula, na katika kuaga ndipo wanasema kijana amepata safari ndefu.

Mzee Bakari akanijia maabara. "Mwalimu, ile mizani. Utaileta kwangu?"

"Nitaileta."

"Na Mkuu nitamwalika."

Nikamuuliza kama jua limempiga. Akasema mwajiri hualikwa, ndiyo adabu, na kwamba mke wake anapika pilau. Alijua mtu wake. Mkuu hakuwahi kukataa pilau ya Muislamu hata mara moja, ingawa kanisani kwake alikuwa mzee wa kanisa.

Basi sebuleni kwa Bakari, kabla ya adhuhuri, nikaweka mizani juu ya meza ndefu, watoto wakafukuzwa uani. Mzee Athumani alikuwa mtu mkubwa, ndevu nyeupe, aliyesema kidogo. Nilimwamkia, nikamwonyesha chupa niliyoifunga upya kwa nta, nikaivunja nta mbele yake, nikamimina kwenye sahani. Mchanga nilimpa atie yeye mwenyewe, chembe kwa chembe, mpaka akaridhika kwamba pande mbili ziko sawa. Mkuu alikaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote akijipepea kwa gazeti.

Adhana ikalia. Wanaume wakainuka kwenda msikitini. Mzee Athumani akasimama mlangoni.

"Hapa abaki mtu wa kulinda, asije mtu akatia maji," alisema. "Mkuu wa shule, wewe husali na sisi. Utatulindia?"

Mkuu angekataaje? Akabaki. Mimi nikatoka nikakaa na wanawake jikoni, makusudi, asije akasema ni mkono wangu. Kupitia mlango nilimwona. Mwanzoni aliitazama mizani kwa dharau, kama mtu anayetazama mchezo wa watoto. Kisha akasogeza kiti. Kisha akaacha kujipepea, nadhani aliogopa upepo wake ndio unaosukuma. Mwanaidi, aliyekuwa akichambua mchele wa jioni ambao hakuna aliyeuhitaji, hakuinua kichwa hata mara moja.

Walirudi, wakavua viatu, wakaingia. Upande wa tindikali ulikuwa umelala chini.

Mzee Athumani akainama akautazama kwa karibu. Akapitisha kidole juu ya meza kuona kama ina majimaji. Ilikuwa kavu.

"Nani ametia maji?" akauliza.

"Hakuna," Mkuu akajibu.

"Nani alikuwapo?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mzee Athumani akanyooka, akamtazama Mkuu. Akaenda kuketi mkekani. Wenzake wakaketi. Sinia likaletwa, pilau ikifuka moshi, na Mkuu akateremka kitini akakaa mahali pake karibu na sinia, amefarijika, mtu aliyedhani mambo yamekwisha kwa kuwa chakula kimefika.

Kwa desturi mwenye nyumba angemwachia kijana kazi ya kunawisha. Mzee Bakari akachukua birika na bakuli mwenyewe, taulo begani. Akaanza kwa Mzee Athumani, maji yakamiminika, mzee akanawa. Akaenda kwa wa pili, kisha wa tatu. Akafika kwa Mkuu. Akaweka bakuli chini ya mikono yake.

Mkuu akanyoosha mikono. Maji hayakuja.

Bakari alikuwa ameinama vizuri kabisa, kwa adabu yote, birika mkononi, macho chini. Hakulitikisa wala hakuliondoa.

"Eeh, Bwana Bakari," Mkuu akasema na kucheka kidogo. "Kama nilivyokwisha kutangaza, ilibainika kwamba—"

Birika halikuinama.

"Palitokea hali ya kutoelewana kiutendaji, ambayo kwa upande wa uongozi..."

Mikono ya Mkuu ilikuwa juu ya bakuli, mikavu, vidole vimetanuka, na wageni wa Pangani wote watatu walikuwa wakiitazama. Hakuna aliyegusa sinia. Wali ukaanza kupoa. Jasho likamshuka Mkuu kwenye sikio likaingia kwenye kola, akatazama mlango, akatazama mizani, na mwisho, kwa mara ya kwanza tangu aje shule ile, akamtazama Bakari usoni.

"Nilikusingizia," akasema.

Bakari akainamisha birika.